Jeraha la Askari ni Deni la Serikali

Usiku mmoja wa Februari 2023, pale Magila Gombero wilayani Korogwe, Fuso iligongana na Coaster iliyokuwa na wafiwa wakisafirisha mwili wa ndugu yao kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro. Walikufa watu wasiopungua 17. Kila nikipita barabara ile kabla ya kukata kona ya Mombo na kuanza kupanda kuja Lushoto, nawafikiria marehemu, kisha nawafikiria askari. Kwenye ajali, kazi ya askari ni kupima alama za breki, kuhesabu miili, na kupekua mifuko ya waliokufa ili wajulikane. Katika kupekua huko simu ya marehemu huita mkononi mwa askari, na juu ya kioo linatokea neno "Mama". Lazima mtu aipokee.

Nimekuwa nikisema, kwa yeyote anayenipa sikio, kwamba serikali itenge fedha za kudumu kutibu akili na roho za watu hawa. Sisemi semina ya siku moja yenye maji ya chupa na bahasha. Nasema matibabu. Nimepingwa sana, na baadhi ya wanaonipinga ni watu wenye busara. Nawajibu hapa.

Mzee mmoja wa Soni ninayemheshimu aliniambia: askari amepikwa chuo cha polisi Moshi, akianza kulialia hafai, avue sare aende kulima kabichi. Mzee wangu, Moshi kijana hufundishwa gwaride, shabaha na kutii amri. Hayo yote yanamkomaza mwili na kumjenga nidhamu, lakini hayalizuii jicho kuona. Aprili 13, 2017, askari wanane waliuawa kwa pamoja Jaribu, Kibiti, wakirejea kutoka lindo. Wenzao waliokwenda kuchukua miili ile walipikwa katika chungu kilekile. Ukakamavu uliwafikisha pale na ukawawezesha kuifanya kazi. Lakini mtu akishatua mzigo na kurudi kota, mwili unaweza kukataa kuamini kwamba hatari imekwisha. Usingizi unakatika saa nane, mlango ukibamizwa anaruka, mtoto akilia anafoka, na jioni anatafuta kitu cha kuuzima moto. Madaktari wanaiita hali hiyo kiwewe, na ina matibabu yanayojulikana. Tukimwambia mtu huyo ajikaze, tunamwachia pombe iwe daktari wake.

Wahenga waliona mbali waliposema mganga hajigangi. Sheria yetu ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inamtaja polisi miongoni mwa watu wanaoweza kumfikisha mgonjwa wa akili hospitalini. Yeye ndiye anayeitwa kijana anapochanganyikiwa sokoni Mlalo. Basi naye akichanganyikiwa, nani ana wajibu wa kumshika mkono?

Hoja ya pili ni ya fedha, na inaniuma kwa sababu anayeitoa mara nyingi ni mama aliyetoka zahanati bila dawa. Anasema: kwanza sisi, kisha hao wenye mishahara. Mama, sitaki dawa yako ipelekwe kituo cha polisi. Lakini nani anayelipa pale askari anapoachwa bila tiba? Novemba 2010, huko Siakago nchini Kenya, polisi mmoja alipita akifyatua risasi usiku na kuua watu 10. Desemba 2021, Kabete, Nairobi, konstebo aliua watu wasiopungua watano, mkewe miongoni mwao, kisha akajiua. Siwezi kukuambia kilichokuwa ndani ya vichwa vyao, na si kila mwenye sonona atamdhuru mtu. Wengi mno hujidhuru wao wenyewe, kimyakimya. Ninachosema ni kwamba wengi wa waliokufa walikuwa raia. Gharama ya kutotibu hailipwi na wizara. Na kama ni hesabu tupu unaitaka, Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2016 kwamba kila dola moja inayowekwa katika kutibu sonona na wasiwasi hurudisha dola nne kwa afya bora na uwezo wa kufanya kazi.

Kuna na hoja ya haki, ambayo naona haisemwi vya kutosha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imewaweka polisi kando, pamoja na wanajeshi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu wa Bumbuli ana chama cha kumsemea. Muuguzi anacho. Askari hana, wala hawezi kugoma. Serikali iliyomwondolea sauti, ikamkabidhi bunduki na kumtuma aende kuona asiyopaswa mtu kuyaona, haimfanyii hisani ikimtibu. Inalipa deni.

"Basi wapokonywe bunduki, yaishe." Hili limesemwa na vijana wa bodaboda, kwa nia njema. Lilijaribiwa Uganda. Mei 2023, Kampala, konstebo aliyekuwa na historia ya ugonjwa wa akili, na ambaye jeshi lake lenyewe lilikuwa limemzuia kushika silaha, alichukua bunduki ya askari mwenzake aliyekuwa akiishi naye na kumpiga risasi mkopeshaji fedha ofisini kwake. Ugomvi ulikuwa wa deni. Bunduki yake ilikuwa imeondolewa, ugonjwa wake na deni lake vikabaki. Kumweka mtu mbali na silaha ni lazima wakati anapougua, nakubali bila kusita. Lakini hiyo ni bendeji. Kidonda kiko chini yake. Na tusisahau hilo deni. Nchini kwetu tunaijua mikopo ya kausha damu na inavyomfuata mtumishi wa mshahara mdogo hadi mlangoni kwake. Huduma ya ustawi isiyomsaidia askari kupanga madeni yake, kuzungumza na mkewe na kupata siku ya mapumziko inayoheshimiwa, itakuwa inafuta maji huku bomba linatiririka.

Sasa nafika kwenye hoja ambayo imeninyima usingizi, nayo ni hii: *mnataka kuwalilia wapigaji*. Aliyeniambia hivyo hakuwa anabishana. Alikuwa ananionyesha mkono wake ulioungwa vibaya. Siwezi kumjibu mtu kama huyo kwa takwimu. Manung'uniko ya raia dhidi ya polisi si uzushi. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ikazinduliwa Januari 2023, na polisi walikuwa kiini cha kazi yake.

Kwa hiyo niseme wazi. Tiba si msamaha. Askari aliyemvunja mtu mkono ashtakiwe, na kama ana ugonjwa, hilo alipime hakimu kama anavyolipima kwa raia yeyote. Anayetaka kulifanya dawati la ushauri kuwa pango la kumfichia mhalifu, mimi si mwenzake. Lakini nilimuuliza ndugu yule, naye alikubali kuniazima sikio: usiku ule uliovunjwa mkono, je, ungependa aliyesimama mbele yako awe amelala siku tatu zilizopita, au la? Awe amezungumza na mtu kuhusu maiti ya mtoto aliyoiopoa mtoni wiki ile, au awe ameimeza? Raia wa kwanza kufaidika na askari aliyetulia ni yule aliye chini ya mikono yake, mahabusu, saa tisa usiku, pasipo shahidi. Mashtaka huja baada ya mkono kuvunjika. Tiba ingeweza kufika kabla. Naomba vyote viwili, na sioni kwa nini kimoja kimfukuze mwenzake.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya Wazungu. Hapa Usambara hoja hiyo haina miguu. Katika milima hii hii, upande wa Wilaya ya Korogwe, iko Hospitali ya Lutindi. Ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Hutajwa kuwa ya kwanza ya aina yake Afrika Mashariki. Ndiyo, waliiasisi wamisionari wa Kijerumani. Lakini kwa zaidi ya miaka 100 wanaouguzwa na wanaouguza pale wamekuwa watu wetu, na leo iko mikononi mwa Kanisa la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Wagonjwa hulima, hufuma, hutengeneza vitu kwa mikono, kwa sababu kazi ni sehemu ya kupona.

Na kabla ya Mjerumani kupanda mlima, Wasambaa walikuwa na neno. Mtawala wao pale Vuga alipimwa kwa jambo moja: je, anaiponya nchi au anaiharibu? *Kuzifya shi*, au *kubana shi*. Wazee wetu hawakutenganisha afya ya mwenye mamlaka na afya ya walio chini yake. Sheikh na mchungaji wana nafasi kubwa sana katika jambo hili, na ningependa wawe wa kwanza kumwambia askari kwamba kutafuta daktari si upungufu wa imani. Lakini asiyelala mwezi mzima anahitaji dua na dawa.

Hoja inayofuata wanaitoa waliosoma: ushauri ni porojo, hakuna ushahidi. Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo naikubali. Kuwakusanya askari baada ya tukio, kuwalazimisha wasimulie yote kwa kikao kimoja na kuwaaga, hakujathibitika kusaidia. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha hakuzuii kiwewe, na huenda kukawaumiza baadhi. Kwa hiyo anayepanga bajeti ya vikao vya namna hiyo azirudishe fedha hazina.

Lakini kuna kilichofanya kazi. Jeshi la polisi la Montreal, Kanada, lilianza mwaka 1997 mpango wa kuzuia askari kujiua. Askari wote, zaidi ya 4,000, walifundishwa kumtambua mwenzao anayezama. Viongozi wao walipata mafunzo marefu zaidi, na simu ya msaada ilipokelewa na askari wenzao waliofunzwa. Katika miaka 11 iliyotangulia, waliojiua walikuwa wastani wa 30.5 kwa kila askari 100,000 kwa mwaka. Katika miaka 12 iliyofuata, 6.4. Polisi wa maeneo mengine ya jimbo lenye mji huo hawakupata nafuu kama hiyo.

Mtaniambia Montreal ni mbali na ni tajiri. Twendeni Harare. Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwaweka bibi wazee, waliofunzwa, kwenye mabenchi ya mbao nje ya kliniki, wawasikilize wenye msongo na kuwasaidia kulitatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye washiriki 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 14 tu ya waliokaa kwenye benchi, na kwa asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Benchi la mbao hata Lushoto tunaweza kulichonga, na mabibi tunao.

Imebaki moja, inayosemwa na wakubwa: milango iko wazi, ni askari wenyewe hawaji. Hawaji, kweli. Naomba tuulize mlango huo uko wapi. Kama ili kumwona mshauri lazima konstebo aombe ruhusa kwa mkuu wa kituo, na mkuu amuulize sababu mbele ya karani, huo ni ukuta. Anajua kitakachofuata: jina lake litazungumzwa kantini, faili litaandikwa neno, na cheo kitasubiri. Juu ya hayo, Kanuni ya Adhabu bado inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Askari anaijua sheria hiyo vizuri kuliko mimi na wewe, maana ndiye huitekeleza. Atakwenda kukiri kwa nani kwamba juzi aliutazama mtutu kwa namna isiyo ya kawaida? Kenya wameanza kuliondoa jiwe hilo: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na katiba. Bunge letu halihitaji kusubiri mahakama.

Kwa hiyo mlango ujengwe nje ya uzio wa kituo. Askari wa Mlalo, Mtae au Lushoto mjini awe huru kutibiwa Lutindi, au hospitali nyingine yoyote isiyo ya jeshi lake, bila sahihi ya mkuu wake, na serikali ilipe kutoka fungu lenye jina lake katika bajeti ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Daktari akiona silaha ni hatari, atoe taarifa ya jambo hilo moja tu, na askari apewe kazi ya mezani kwa mshahara uleule hadi apone. Apande basi la asubuhi akiwa na nguo za kiraia, ashuke kama abiria wengine, akae kwenye foleni na wakulima wa chai. Na kwenye kadi yake paandikwe jina tu, bila cheo wala namba ya jeshi.