Daraja la Genoa: Ushauri ulitolewa, vihisi havikufungwa

Asubuhi ya Agosti 14, 2018, mvua kubwa ikinyesha, kipande cha takriban mita 200 cha daraja la Morandi mjini Genoa, Italia, kiliporomoka pamoja na magari yaliyokuwa juu yake. Watu 43 walifariki.

Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1967. Nyaya zake nene za chuma zilifunikwa kwa zege, kwa hiyo mkaguzi hakuweza kuona kwa macho jinsi kutu ilivyokuwa inazila ndani.

Lakini dalili zilikuwepo. Mwaka 2017, wataalamu wa chuo cha Politecnico di Milano walipima mitikisiko ya daraja, wakakuta baadhi ya nyaya haziko sawa. Walishauri vihisi vya kudumu vifungwe. Hadi siku ya ajali, mfumo huo ulikuwa bado haujafungwa.

Vihisi vinafanya nini?

Kila lori likipita, daraja linacheza kidogo. Hilo ni jambo la kawaida, na kila daraja lina mtikisiko wake. Chuma kikidhoofika, mtikisiko nao hubadilika, na vihisi hunasa mabadiliko hayo saa 24.

Vingine hupima nyufa, mwinamo au mvutano. Vipo pia vinavyosikiliza sauti ya waya unaokatika ndani ya zege.

Shida ni kwamba hata jua hubadilisha vipimo: daraja hutanuka kukiwa na joto na kusinyaa kukiwa na baridi. Ndiyo maana wahandisi huhitaji takwimu za miezi mingi ili kujua kipi ni cha kawaida na kipi ni hatari.

Vinakuja baada ya msiba

Daraja jipya la Genoa, lililofunguliwa Agosti 2020, lina vihisi na hata roboti za ukaguzi.

Huko Minneapolis, Marekani, daraja liliporomoka Agosti 1, 2007 na kuua watu 13. Lililojengwa badala yake, likafunguliwa 2008, lilifungwa vihisi zaidi ya 300.

Dresden, Ujerumani, ni hivyo hivyo. Sehemu ya daraja la Carola ilianguka usiku wa Septemba 11, 2024, kwa bahati bila kujeruhi mtu. Baada ya hapo ndipo vihisi vya sauti vikawekwa kwenye sehemu zilizobaki.

Yaani daraja jipya linapewa ulinzi wote, huku la zamani, lenye kutu iliyojificha, likisubiri zamu yake.

Na vihisi peke yake havitoshi. Kifaa kinaweza kupiga kengele, lakini hakiwezi kufunga barabara. Lazima awepo mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha magari, hata kama foleni itafika mjini na lawama zitamwangukia yeye.

Genoa kengele ilishapigwa, tena kwa maandishi. Magari yaliendelea kupita.