Usiukate mkuyu wenye pango
Safu: KANDO YA MTO
Na Zawadi Mkopi

Nilikuwa na miaka tisa mjomba alipoukata mkuyu wa mwisho shambani kwake, Kilosa. Ulikuwa unatia mahindi kivuli, na shina lenyewe tupu ndani, hata mkaa wa maana haungetoka. Ulipoanguka, sisi watoto tulikimbilia kwenye pango lake. Tulikuta tandiko nene la majani makavu, na katikati yake unyoya mmoja mweupe unaotoka kiganjani hadi kiwiko. Kabla ya siku ile mumbi walikuwa wakituamsha kila alfajiri kwa sauti nzito, kama ngoma inayopigwa mbali bondeni. Msimu uliofuata waliita kutoka ng'ambo ya mto. Msimu wa tatu hawakuita.

Mumbi ni wa ukoo wa hondohondo, ila yeye hushinda ardhini, akitembea na wenzake kutafuta panzi, nyoka na vyura. Ni mweusi, koo lake jekundu, ana kilo tatu au nne, na meupe ya mbawa zake huyaoni mpaka aruke. Pamoja na kupenda ardhi, kiota chake kwa kawaida huwa juu, ndani ya pango la mti mkubwa. Jike huatamia humo kwa siku 40 hivi, akiletewa chakula na dume pamoja na wasaidizi wao, maana katika kikundi kizima ni jozi moja tu inayozaa. Hutaga mayai mawili, na kinda la pili karibu kila mara hufa kwa njaa. Watafiti wa Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, waliwahi kukokotoa kwamba kikundi kimoja hukuza kinda moja kwa wastani wa miaka tisa. Miaka tisa! Ndege wa namna hii ukimnyang'anya nyumba umemmaliza.

Pembeni mwa Kruger kuna ardhi za watu binafsi, kama Timbavati na Klaserie. Miti mikubwa imepungua huko, mingine ikiangushwa na tembo. Tangu mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town wamewafuatilia mumbi wa eneo hilo, na vikundi vilivyokosa pango vimetundikiwa masanduku ya viota. Mumbi waliyakubali, wakalea humo. Mkoani Limpopo, mradi wa Mabula, ulioanza mwaka 1999, hulichukua lile kinda la pili kabla halijafa, hulilea kwa mkono, kisha huwarudisha ndege porini, zikiwemo ardhi za watu binafsi waliokubali kuwapokea. Neno hilo, kukubali, ndilo lililonifanya niandike leo. Hifadhi zetu ni kubwa, lakini mumbi hasomi mpaka wa hifadhi. Anaingia kwenye mashamba yetu, na huko hakuna askari wa wanyamapori. Yupo mwenye shamba na panga lake.

Wala kazi ya kutengeneza na kutundika masanduku ya viota si ngeni kwetu. Tabora na Katavi watu wanachonga magogo, wanayatoboa, wanayapandisha mitini, nyuki wanaingia. Anayejua kutengeneza mzinga wa gogo ana nusu ya ujuzi unaotakiwa. Mumbi anahitaji gogo pana zaidi, la sentimita 40 hivi ndani, na mlango wa kumpitisha ndege mkubwa.

Hata hivyo sitaki mtu alione sanduku kuwa mbadala wa mti. Sanduku huoza. Nyuki hulivamia. Likitundikwa juani, ndani huwa tanuri, na lazima mtu apande kulikagua kila mwaka. Pango la mkuyu lilichukua miongo mingi kujichonga lenyewe, na ubao haufikii unene wa shina lile katika kuzuia joto.

Kwa hiyo wewe mwenye ekari zako Kilosa, Handeni au Nachingwea, kabla hujawasha msumeno gonga shina kwanza. Likilia tupu, liache, hata kama mistari mitatu ya mahindi itakaa kivulini. Na kama mti ulishakatwa, kama wa mjomba wangu, muite fundi mizinga wa kijijini akuchongee gogo kubwa, mlitundike mtini penye kivuli kabla ya mvua za vuli.