Soma Mtungi wa Gesi Kabla ya Kulipa

Mwezi huu twende Kariakoo, Dar es Salaam. Wengi wetu tuna ndugu huko, na wengine huenda huko kununua bidhaa za maduka ya kijijini. Ukipita Mtaa wa Kongo au Mtaa wa Swahili utawaona mama lishe wakipika wali, maharage na chapati. Zamani walipika kwa mkaa. Siku hizi wengi wana mtungi wa gesi. Mitungi hiyo imefika na vijijini. Mwaka 2024 Serikali ilitoa mkakati wake: ifikapo mwaka 2034, watu 80 katika kila 100 wawe wanatumia nishati safi ya kupikia.

Lakini gesi haionekani. Mkaa tunauona ndani ya gunia. Mafuta ya taa tunayaona ndani ya chupa. Gesi imefungiwa ndani ya chuma. Mtu analipa fedha zake na kuondoka, wala hajui amenunua kilo ngapi. Kumbe mtungi wenyewe una maandishi, na wewe sasa unajua kusoma.

Tazama juu ya mtungi, kwenye chuma kinachoizunguka koki kama kola ya shati. Utaona herufi na namba zilizogongwa au kuandikwa kwa rangi. Herufi hizo ni za Kiingereza, lakini zisikutishe. Zitafute kwa macho tu.

Tafuta kwanza TW. Mitungi mingine huandikwa TARE. Namba iliyo karibu na herufi hizo ni uzito wa mtungi mtupu, yaani chuma peke yake. Mitungi hailingani uzito, hata kama yote ni ya kilo 6 za gesi. Tena unapopeleka mtungi mtupu dukani unapewa mtungi mwingine, si ule wako. Kwa hiyo soma TW ya mtungi unaopewa.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme mtungi umeandikwa TW 7.6. Gesi ni kilo 6. Jumlisha: 7.6 na 6 ni 13.6. Mtungi uliojaa uwe na uzito wa kilo 13.6 kwenye mzani. Kama mzani unaonyesha 12.6, imepungua kilo 1. Tuseme umelipa shilingi 24,000. Kila kilo ni shilingi 4,000. Basi umepoteza shilingi 4,000. Kwa mama lishe, huenda hiyo ndiyo faida yake yote ya asubuhi.

Kabla ya kupima, ondoa jiko kama limefungwa juu ya mtungi. Angalia mzani uwe kwenye sifuri na ukae mahali pa sawa. Usione haya kuomba mtungi upimwe, hata kama duka limejaa watu na mwenye duka ana haraka. Muuzaji wa gesi anatakiwa kuwa na mzani dukani.

Herufi nyingine ni WC. Hizi huwachanganya watu. Namba yake ni lita za maji ambazo mtungi ungeweza kubeba, si kilo za gesi. Mtungi wa kilo 6 huwa na lita 14 hivi. Gesi ndani ya mtungi imekandamizwa mpaka imekuwa majimaji, na lita moja ya majimaji hayo ina uzito unaozidi nusu kilo kidogo tu. Mtungi haujazwi mpaka juu. Huachwa nafasi, kwa sababu majimaji hayo huvimba yakipata joto. Anayesema amekuongezea gesi ya bure kupita kiasi hakukutendea wema.

Utaona pia tarehe ya kutengenezwa au ya kupimwa uimara wa mtungi. Mtungi wenye kutu nyingi, au uliobonyea, au usio na lakiri kwenye koki, ukatae.

Hapa niseme jambo moja. Wengi hudhani gesi ya mitungi inatoka Songo Songo au Mtwara. Ile ni gesi asilia, nayo hufika Dar es Salaam kwa bomba. Gesi ya mitungi ya nyumbani huletwa nchini kwa meli.

Nyumbani utajuaje imebaki kiasi gani? Ukali wa moto haukuambii. Moto huwaka vizuri karibu mpaka mwisho, kisha hulegea ghafla, mara nyingi wali ukiwa haujaiva. Pima tena kwenye mzani na utoe TW. Kama huna mzani, mwagia maji ya vuguvugu ubavuni mwa mtungi, kisha pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Mahali ubaridi unapoanzia ndipo gesi ilipofikia. Jiko linalotumia gramu 150 kwa saa litamaliza kilo 6 kwa saa 40.

Mtungi usimame wima, njiani na nyumbani. Ukiulaza, majimaji yanaweza kutoka badala ya gesi, na moto ukaruka. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutambaa chini sakafuni. Imetiwa harufu kali ili tuitambue. Ukiisikia, funga koki, fungua milango, usiwashe kiberiti wala taa. Mahali inapovuja patafute kwa povu la sabuni, kamwe usitumie moto.

Na kama mzani umeonyesha upungufu, usilipe. Omba mtungi mwingine, nao upimwe. Muuzaji akikataa, andika jina la duka, mtaa na tarehe, uende ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa. Kama umekwisha kulipa, chukua na risiti yako.