Tusiulaumu mtandao, tulikague lango la mfumo

Kila dirisha la maombi ya vyuo linapofunguliwa, steshenari za Mwenge hujaa vijana wenye bahasha za vyeti. Mwenye duka anaskani cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha sita, anabonyeza kitufe cha kupakia, anasubiri, kisha anatoa jibu ambalo kila Mtanzania amewahi kulisikia: mtandao unasumbua, njoo jioni. Kijana analipia skani na kuondoka. Kuna waliotoka Mkuranga au Kisarawe, na nauli ya kurudi jioni hawana.

Kazi yangu ni kusimamia seva. Taasisi za umma na za binafsi huniita mfumo unapogoma, na mara nyingi nikifungua kumbukumbu za seva nakuta mtandao ulikuwa mzima kabisa. Ombi la kijana lilitoka Mwenge likafika salama, likakataliwa langoni. Programu aliyokuwa anaiomba huduma haikujua hata kwamba alibisha hodi.

Mbele ya karibu kila mfumo wa wavuti hukaa seva inayopokea maombi yote ya nje kabla hayajafika kwenye programu yenyewe. Sisi mafundi tunaiita rivasi proksi. Ni kama mpokezi wa ofisi kubwa: anachukua barua ya mgeni, anaipeleka chumba husika na kurudi na jibu, bila mgeni kuingia ndani. Inayotumika sana kwa kazi hiyo ni Nginx, programu ambayo Mrusi Igor Sysoev alianza kuiandika mwaka 2002 na kuitoa kwa umma mwaka 2004. Ni ya bure na ni imara. Kwa nchi yenye mawimbi hafifu kama yetu ina faida kubwa, kwa kuwa hulipokea ombi polepole hadi litimie, ndipo huikabidhi programu ya ndani. Simu yenye mtandao wa kusuasua huko Kakonko haiifanyi programu ikae mikono mitupu ikimngoja mtu mmoja.

Ila Nginx huja na vipimo vilivyokwisha kuwekwa kiwandani, na asiyevibadilisha amevikubali vyote. Kimojawapo ni ukubwa wa kinachoruhusiwa kupakiwa. Mstari wake unaitwa client_max_body_size, na usipoandikwa, kikomo ni megabaiti 1. Picha ya cheti iliyopigwa kwa simu ya siku hizi inazidi hapo kwa urahisi. Lango likiona ombi limezidi, linalirudisha na namba 413 na sentensi ya Kiingereza kwenye ukurasa mweupe. Katika taasisi moja niliyoitwa, fomu yenyewe ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili safi kwamba faili lisizidi MB 5. Aliyetengeneza fomu aliweka tano, aliyesimika lango aliiacha moja, na hawa wawili walikuwa wakandarasi tofauti ambao hawajawahi kukaa meza moja. Waombaji walifuata maelekezo sawasawa na bado wakakataliwa. Nilipouliza malalamiko yao yalikwenda wapi, nikaambiwa dawati la msaada lilikuwa likiwajibu wajaribu tena mtandao ukitulia. Hilo liliniuma kuliko kosa lenyewe.

Kipimo cha pili ni muda. Lango husubiri jibu la programu kwa sekunde 60. Zikipita kimya, humwambia mtumiaji kwa namba 504 kwamba muda umeisha. Siku ya mwisho ya maombi, hifadhidata ikiwa imeelemewa, sekunde 60 ni chache. Na hapa pana jambo ambalo viongozi wengi hawaambiwi: mara nyingi lango likishakata tamaa, programu ya ndani huendelea na kazi yake mpaka mwisho. Mwombaji ameonyeshwa kwamba imeshindikana, lakini ndani ombi lake limesajiliwa na namba ya malipo imetoka. Anabonyeza tena, inatoka namba ya pili. Analipia mojawapo, na wiki mbili baadaye anaambiwa hajalipa, kwa sababu mfumo unaitazama ile nyingine. Kuongeza sekunde peke yake si dawa. Kazi nzito inapaswa kuwekwa kwenye foleni ya ndani, mwombaji ajibiwe papo hapo kwamba ombi limepokelewa, na programu imtambue anayebonyeza mara ya pili.

Kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni namna tunavyowahesabu watu langoni. Ili kuzuia wavamizi, lango huwekewa kiwango: anwani moja ya IP isipeleke maombi zaidi ya, tuseme, 10 kwa sekunde. Kiwango hicho kimejaa kwenye mifano ya mtandaoni na mafundi wetu wanakinakili kama kilivyo. Mifano hiyo inadhania kila nyumba ina laini yake na anwani yake. Kwetu watu wengi huingia kwa bando la simu. Anwani za IPv4 ni takribani bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na AFRINIC, chombo kinachozigawa Afrika, kilishaingia hatua ya mwisho ya kuzitoa kwa mgao mdogo Januari 2020. Kwa hiyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Mwanafunzi wa Songea, mama lishe wa Tabata na bodaboda wa Moshi wanaweza kulifikia lango kama mtu mmoja. Lango linawaona kama mvamizi mwenye pupa na linawafungia wote. Nginx isipoelekezwa vinginevyo hulifanya hilo kwa namba 503, inayosema huduma haipatikani, hata kama huduma iko hewani na mwombaji wa jirani anaendelea vizuri. Namba inayostahili ni 429, inayomwambia mtu kwamba maombi yamezidi. Na kiwango chenyewe kinaweza kuhesabiwa kwa akaunti ya mtumiaji badala ya kutegemea anwani pekee. Ni mistari michache, ila inamtaka fundi ajue nani anasimama mbele ya lango lake.

Nimeona pia kinyume chake. Lango lilikuwa halipitishi anwani halisi za wageni, hivyo programu ya ndani ilimwona kila mtu akitoka kwenye anwani ileile ya lango. Programu hiyo ilikuwa na ulinzi wake: anayekosea nywila mara tano anafungiwa anwani. Akikosea mmoja, nchi nzima inafungiwa nje. Dawa yake ni lango kuambatanisha anwani ya kweli katika kila ombi, na programu iiamini inapotoka langoni tu, maana mtu yeyote huko nje anaweza kujiandikia anwani ya uongo.

Mengine nayapitia haraka. Kubana kurasa kabla ya kuzituma huokoa bando la mwananchi, na Nginx huja kazi hiyo ikiwa imezimwa. Cheti cha usalama siku hizi hutolewa bure na Let's Encrypt na hujihuisha chenyewe kikipangwa vizuri. Taasisi inayokiacha kiishe muda wake haina udhuru.

Najua watakaosema tuachane na taabu hizi, tuwalipe wakubwa wa nje watulindie lango. Siwapingi. Kampuni hizo hubeba mafuriko ya mashambulizi ambayo seva moja ya Dar es Salaam haiwezi kuyahimili. Lakini hata kwao mpangilio ndiyo kazi. Tarehe 8 Juni 2021, mteja mmoja wa Fastly alibadilisha mpangilio wake, akaamsha hitilafu iliyokuwa imejificha, na asilimia 85 ya mtandao wa kampuni hiyo ikaanza kurudisha makosa. Tovuti ya serikali ya Uingereza na ya gazeti la Guardian zilizimika pamoja na nyingine nyingi. Walirekebisha sehemu kubwa ndani ya dakika 49 kwa sababu walikuwa na watu wanaolitazama lango saa zote na wanaojua kila mstari wake. Sisi tukinunua huduma hiyo kisha tusimteue mtu wa kuitazama, tumehamisha tatizo na kuongeza ankara ya dola.

Ninachoomba si fedha nyingi. Zabuni ya mfumo wa umma itaje kwa maandishi lango litaruhusu faili la ukubwa gani, litasubiri kwa muda gani, litawahesabu vipi watumiaji wa simu, na nani ataamka usiku likigoma. Kurasa za makosa ziandikwe kwa Kiswahili na zimwambie mtu la kufanya: punguza ukubwa wa picha, au ombi lako limepokelewa, usibonyeze tena. Majaribio yafanywe kwa simu ya bei nafuu na bando la kawaida, si kwa kompyuta ya ofisini yenye waya wa intaneti.

Kikomo cha megabaiti 1 kinaweza kubadilishwa leo mchana na mtu yeyote mwenye ruhusa ya kuingia kwenye seva. Nawaomba wakuu wa vitengo vya TEHAMA wamtume mtu huyo kabla dirisha lijalo halijafunguliwa.