Gemu ya Kuongoza Ndege
Wewe wa Milimani, ndege ya Nairobi ikishuka Kisumu unamsifu rubani tu. Na yule aliye mnarani je? Cheki Air Traffic Chaos, gemu ya Kijapani ya Nintendo DS. Hapo hurushi ndege, unaziongoza: hii ishuke, ile ingoje kwanza. Ukimkawiza rubani presha yake inapanda, na ikijaa, gemu imeisha. Hakuna risasi hata moja, lakini jasho litakutoka! Mimi chuo niliacha, ila kazi hii ningeisomea. Inafundishwa Embakasi, pale East African School of Aviation. Sasa mbona shuleni tulitajiwa daktari, wakili na rubani pekee? Mwambie mwalimu wako amwalike mwongoza ndege. Uwanja uko hapo tu, barabara ya Busia.