Mgeni kapewa askari, kambare kapewa chandarua

KIJITI CHA MENO
Na Msengi wa Ulemo

Kuna hasira za kupiga meza, na kuna hasira za kunyamaza njia nzima mpaka mke wako akuulize umekula nini huko ulikotoka. Yangu ya Jumamosi ilikuwa ya aina ya pili, na chanzo chake ni chandarua. Kile cha kliniki, cha bure, chenye dawa. Nimekikuta korongoni kimefungwa mawe kwenye pindo, watu wazima wanakiburuta, kinasomba vitoto vya kambare.

Niseme msimamo wangu mapema ili mnaosoma mkiwa kwenye daladala msihangaike kufika mwisho. Anayevua kwa chandarua ni mwizi. Anayesimama ukingoni na sufuria akisubiri mgawo ni mwizi mwenye cheo.

Sasa nieleze ilikuwaje. Shemeji yangu wa Tabata amekuja. Wasomaji wa zamani mnamjua, yule wa jenereta ya harusi. Mama watoto alishanikataza kumwandika, lakini safari hii kajileta mwenyewe. Kashuka basi pale Misigiri amekumbatia bomba refu jeusi ambalo konda alilitoza nauli kwa madai kwamba ni mzigo wa biashara. Ndani ya bomba mna fimbo ya kuvulia samaki. Usifikirie ule mti wetu wa utotoni wenye uzi wa gunia na ndoano ya pini. Hii inaungwa vipande vipande, ina gurudumu la kukunjia uzi, na imekuja na kiboksi cha nzi bandia waliofungwa kwa manyoya ya kila rangi. Bei yake hakuitaja mbele ya dada yake, nami nikajua ni kubwa.

Shemeji kapatwa na ugonjwa wa video. Halali usiku, anatazama Wazungu waliosimama katikati ya kijito cha mlimani, maji ya magotini, wamevaa suruali za mpira, wanarusha uzi mbele na nyuma mpaka samaki aruke amdake nzi wa manyoya. Samaki mwenyewe anaitwa trauti. Wakishamkamata wanampiga picha, halafu wanamwachia aende zake.

"Wanamrudisha?" nikauliza.

"Ndiyo raha yenyewe, shemeji."

Nikamwambia kwamba huku Iramba mtu akivua samaki akamrudisha majini, wazee huitwa.

Nikamweleza pia kwamba trauti Ulemo hayupo na hatakuwepo. Trauti anataka maji baridi, yenye hewa nyingi, yanayokimbia mwaka mzima. Vijito vyetu vinashuka kuelekea Wembere kwa kelele nyingi wakati wa mvua, baada ya hapo vinabaki madimbwi, na kiangazi kikikaza ni mchanga na nyayo za ng'ombe. Hata Wajerumani walioanza kuchimba dhahabu pale Sekenke mwaka 1909 walichukua dhahabu tu, samaki hawakupanda. Akitaka trauti aende Mufindi, au vijito vya Kilimanjaro, au avuke mpaka aende milima ya Aberdare kule Kenya. Akajibu nauli hana, ndoano anazo. Twende.

Tukaenda. Mrusho wa kwanza ulinasa mgunga. Wa pili ulinasa kofia yangu. Kijana mmoja mchunga mbuzi alikuwa ametutazama kwa heshima tangu tufike, sasa heshima ikamshinda. "Shikamoo babu," akasema, "huyu mjomba anavua ndege?" Nikamwambia anyamaze, mjomba ni mgeni. Lakini ndiye aliyetuokoa, maana alifukua mnyoo kwa kisigino na kutukabidhi bila kuombwa. Kambare hababaiki na manyoya. Ana sharubu zinazoonja maji ya tope hata gizani, na sharubu hizo zinajua mnyoo ni nini na takataka za Tabata ni nini.

Haukupita muda uzi ukavutwa. Akatoka kambare wa haja, mweusi mgongoni, tumbo jeupe, anateleza kuliko ahadi za kampeni. Shemeji akamkumbatia kwa mahaba kama alivyoona kwenye video. Trauti anavumilia mahaba, kambare hana huo muda. Alimchoma kidole gumba kwa mwiba wa pezi la kifuani. Damu kidogo, kelele nyingi. Bado jamaa akajipiga picha na samaki wake, akachuchumaa, akamwachia. "Nenda kakue," akamwambia.

Mboga ya jioni ya watu wawili, nyie! Kijana wa mbuzi alinitazama usoni kuona kama mimi ndiye mwenye akili katika familia.

Hapo ndipo chandarua kilipokuja. Walikuwa wamekaa mkunjo wa juu muda wote, wakisubiri tuondoke, na walipoona hatuondoki wakaamua kutupita. Wanaume wawili wameshika pembe zake kwa kamba za manila. Watoto wametangulia wanakanyagakanyaga tope kusudi maji yachafuke, samaki wapande juu kutafuta hewa. Chandarua kipya kabisa, bado kina mikunjo ya pakiti. Kilipoinuliwa kilikuwa kimebeba dimbwi zima: viluwiluwi, wadudu wa majini, majani yaliyooza, na vitoto vya kambare vingi vya ukubwa wa njiti ya kiberiti. Wakubwa wachache wakatupwa kwenye sufuria. Vitoto vikakung'utwa kwenye majani makavu, kwa sababu havifai kwa mboga wala kwa kuuza. Siafu walifika kabla sijamaliza kutukana.

Ndani ya sufuria alikuwemo kambare wa shemeji. Nilimjua kwa tundu la ndoano mdomoni. Uhuru wake haukufika robo saa.

Na mwenye sufuria ni mheshimiwa fulani. Simtaji. Ni mtu wa kupokelewa kwa kiti kwenye mikutano.

"Shikamoo, mzee Msengi."

"Marahaba, mheshimiwa. Hicho si chandarua?"

"Ni cha nyumbani tu. Cha mkamwana, walimpa kliniki. Anasema akilala ndani yake anaona joto."

"Na hivyo vitoto?"

"Ah, mzee, hivyo dimbwi likikauka si vitakufa tu?"

Nami nitakufa tu, mheshimiwa, na sijaona mtu akiniburutia neti. Hoja hiyo ya dimbwi kukauka nimeisikia tangu nikiwa mtoto, na wanaoisema huwa wana sufuria mkononi. Kambare anajua maji yanakauka kabla yenu kujua. Ana kiungo cha kupumulia hewa, hivyo usiku wa mvua utamkuta anajiburuta kwenye majani mabichi kutoka dimbwi hadi dimbwi. Mvua kubwa za kwanza zikishuka, wazazi wanapanda kwenye nyasi zilizofurika, wanataga, wanaondoka. Watoto ndio hao waliokung'utiwa siafu. Wachache wangebaki kwenye vina virefu, wachache wangeteremka na maji hadi Wembere na Ziwa Kitangiri. Chandarua hakibakishi wachache. Halafu tukifika mnadani tunamuuliza mama muuza samaki mbona siku hizi kambare ni mkia na kichwa, katikati hakuna kitu.

Dawa iliyomo humo nayo ni ya jamii ya pairethroidi. Ndiyo inayomuua mbu akigusa. Majini haichagui, ni sumu kali kwa samaki na kwa vijidudu ambavyo samaki anakula. Kwa hiyo hata kile ambacho tundu la neti limekiacha, dawa inaweza kukifuata.

Nikauliza nani karuhusu. Mwenye neti akamwonyesha mheshimiwa. Mheshimiwa akasema mambo ya samaki ni ya mtu wa uvuvi wilayani. Mtoto mmoja akasema baba ndiye kawaambia. Mambo ya kambare haya haya, baba ana ndevu, mama ana ndevu, mtoto ana ndevu. Nani utamvuta?

Ila kinachonikera zaidi ni hiki. Yule trauti wa video za shemeji naye ni mgeni kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyepata sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, wapagazi wakayabeba hadi Mto Gura kule Aberdare, ili mabwana wapate mchezo wa Jumapili. Huyo samaki akawekewa leseni, akawekewa walinzi, na mwaka 1948 akajengewa kituo cha kuzalishia vitoto pale Kiganjo karibu na Nyeri. Umoja wa kimataifa wa uhifadhi, IUCN, umeorodhesha viumbe wageni 100 waharibifu zaidi duniani, na trauti wapo humo wa aina mbili. Mharibifu mwenye askari!

Sangara ni vilevile. Naye si mzawa wa Ziwa Victoria, aliletwa miaka ya 1950 na 1960, akawala furu mpaka aina nyingi zikapotea. Lakini alipoanza kupungua yeye, serikali nzima iliamka. Mwaka 2018 tulikuwa na operesheni yenye jina lake, Waziri Luhaga Mpina yuko mbele, nyavu haramu zinateketezwa kwa moto. Sikatai, zilistahili moto. Nauliza tu, Operesheni Kambare ni lini? Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa samaki naona mgeni kaja, mwenyeji kaisha.

Jibu ninalo. Sangara anapanda ndege kwenda Ulaya, trauti anapigwa picha na watalii, kambare wa Ulemo analiwa na mtu wa Ulemo. Samaki anayeliwa na maskini hana mtetezi. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 haikuandikwa kwa ajili ya ziwa kubwa peke yake, na kanuni zake za mwaka 2009 hazikusema korongo halihusiki, lakini gari la doria halijui njia ya kufika kwenye dimbwi letu. Njia ya kufika kwenye mikutano ya kampeni lilikuwa linaijua.

Kuna atakayeniandikia kwamba watu wana njaa, mzee Msengi usihukumu. Mhariri ananiambia barua hizo huja kila nikigusa chakula. Sikiliza. Mwenye neti alikuja kwa pikipiki, na sufuria ya pili ilikuwa inaondoka kwenda kwenye kilabu cha pombe, wakakaange wauze. Mwenye njaa wa pale korongoni alikuwa yule mchunga mbuzi, na yeye hakupewa hata mkia. Angepewa ndoano moja na mnyoo wake angekula leo, mwakani na mwaka wa keshokutwa. Kwa hili namtetea shemeji, na sitarudia tena maishani: fimbo yake ya kipuuzi inakamata samaki mmoja kwa wakati, aliyekwisha kukua. Bibi zetu walivua kwa migono ya matete yenye nafasi za kutosha kitoto kupenya, hakuna aliyewafundisha semina.

Basi, mheshimiwa, jina lako sijalitaja. Cheo chako pia nimekihifadhi. Lakini ile picha aliyojipiga shemeji na kambare wake, ukiikuza vizuri nyuma ya bega la kushoto, umo wewe na sufuria yako. Shemeji keshaituma kwenye kundi la ukoo, na ukoo wetu hauna kazi nyingi. Kifue chandarua, ukirudishe ndani. Mkamwana wako anajifungua mwezi ujao.