Mshororo Usimezwe na Tarakilishi

Mnamo mwaka wa 2004, Mmarekani John Gruber alitoa Markdown, mtindo mwepesi wa kupanga matini ambapo neno lililo kati ya vinyota viwili huwa italiki na alama ya reli huunda kichwa. Wapo wanaodai kwamba suala hili ni la mafundi wa tarakilishi pekee. Dai hilo halina mashiko. Kwa kanuni za mtindo huo, kitufe cha mstari mpya kikibonyezwa mara moja hakikati mstari. Sharti mwandishi atangulize nafasi mbili tupu, ambazo hata hazionekani kwa macho. Tarbia isiyo na nafasi hizo hutokea kama aya ya nathari: utao wa mshororo mmoja huungana na ukwapi wa unaofuata, vina vya kati na vya mwisho huchanganyika, na kibwagizo humezwa. Wanakili wa kale waliotumia hati za Kiarabu waliweza kuandika ubeti mzima wa utenzi katika mstari mmoja, lakini walitia alama baina ya vipande! Mafundi nao wauhifadhi mstari kama ulivyoandikwa. Zipo programu zinazofanya hivyo tayari. Hadi wafanye hivyo, mhariri wa mashairi ana haki ya kuukataa mtindo huu, hata akiitwa mshamba.